Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, walezi wetu na wageni waalikwa,

Kamati tendaji ya chama chetu cha wagonjwa wa macho imekaa vikao 7 mwaka huu, vyote sebuleni kwangu, na chai ilikuwa ya mke wangu. Tumeadhimisha Siku ya Afya ya Macho Duniani mwezi Oktoba, tumewatembelea wagonjwa wodini, tumemzika mwenzetu mmoja. Hayo mnayajua. Wanachama tuko 86, waliokamilisha ada ni 29, na humu ukumbini katibu amehesabu watu 24. Mwaka jana ukumbini tulikuwa 51. Inaniuma, kwa sababu wengi waliokosekana leo ndio wanaosema sana.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa. Shilingi 5,400,000 zilizotengwa kwa safari ya Bagamoyo na fulana zilihamishwa kuwachangia wenzetu 4 wakatolewe mafuta ya silikoni waliyowekewa machoni walipopasuliwa retina, yaani utando wa kuonea ulio nyuma ndani ya jicho. Inasemwa hata misibani kwamba mwenyekiti aliamua peke yake. Si kweli. Muhtasari upo, wajumbe 6 kati ya 9 walisaini. Wazo nililileta mimi, hilo silikatai, na ningelileta tena.

Hoja kubwa ya wanaopinga ni hii: mafuta yamemponya mtu, ya nini kuyatoa? Retina ikibanduka, daktari hutoa ute uliomo ndani ya jicho, huirudisha retina ukutani na kuichoma kwa leza, kisha huweka kitu cha kuishikilia mpaka ishike. Kitu hicho ni gesi au mafuta. Gesi huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa, lakini ukipanda mwinuko hutanuka ndani ya jicho na kupandisha presha ya jicho. Ndiyo maana mwenzetu wa Mbeya, aliyefanyiwa upasuaji hapa Dar es Salaam na aliyelazimika kurudi kwake nyanda za juu mapema, aliwekewa mafuta. Mafuta huwekwa pia pale retina ilipojaa makovu, au kisukari kilipoiharibu sana. Wanaosema tunafanyiwa majaribio kwa sababu ya umaskini wetu wajue kwamba Paul Cibis wa Marekani alikwishachapisha habari za matumizi yake mwaka 1962.

Ila mafuta hayaishi yenyewe. Yataondoka siku daktari atakapoyatoa, na kwa kawaida hupangwa yatolewe baada ya miezi michache. Mimi nilikaa nayo miaka 2. Nilivumilia kulala kifudifudi siku zote nilizoagizwa, mke wangu amekunja khanga duara kama kata ya kubebea ndoo ili paji la uso lipate pa kukaa, nikadhani kazi imekwisha. Pale nilipotibiwa hakuna aliyenieleza kwamba kuna upasuaji wa pili. Nilirudi baada ya kuona vitone vingi vikielea mbele yangu. Kumbe mafuta, ambayo huingia kama kiputo kimoja kikubwa, yalikuwa yamekatikakatika. Vitone hivyo huziba njia ya maji ya jicho, presha inapanda, na mshipa wa fahamu ukishakufa haufufuki. Jicho langu la kushoto sasa linaona mwanga tu.

Mama mmoja kati ya wale 4 alikuja kwangu na weupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho, kama mwezi mwandamo uliopinduliwa. Nikamsogeza dirishani, nikamkagua kwa jicho langu zima. Yalikuwa mafuta, yamepita mbele na kupanda juu kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Yakigusa kioo cha mbele kwa muda mrefu nacho hufanya ukungu. Na mtoto wa jicho humpata karibu kila mwenye mafuta ambaye lenzi yake ya asili bado ipo. Niambieni, ningemjibu mama yule kwamba fedha zipo, ila ni za fulana?

Ni kweli kwamba mmoja kati ya hao 4 retina yake ilibanduka tena baada ya mafuta kutolewa, na wapo waliosema fedha zimetupwa. Hatari hiyo daktari aliieleza mbele yangu, na mgonjwa alikubali. Wapo pia ambao madaktari huamua mafuta yabaki, kwa sababu yakitoka jicho litasinyaa au retina itafunguka. Kwa hiyo sikusema kila mtu atolewe. Nilisema kila mtu apimwe presha ya jicho, na uamuzi uwe wa daktari, usiwe wa mfuko mtupu. Gari lililowapeleka kliniki lilikuwa langu, mafuta ya gari sikudai.

Mapato ya mwaka ni shilingi 7,150,000, matumizi 6,980,000. Mchanganuo anao mweka hazina. Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kupata chumba cha ofisi, kutafuta wafadhili, na safari ya Bagamoyo hali ikiruhusu.

Katibu ana orodha ya wanachama 11 ambao bado wana mafuta machoni na hawajarudi kliniki. Tafadhali kila mmoja achukue jina la anayemfahamu kabla hajatoka mlangoni.

Naomba kuwasilisha.