“Nipatie Ile Kali”: Hesabu ya Chupa Kabla Hujalipa

Kila Ijumaa jioni lazima mtu aegemee kaunta ya duka letu la vinywaji hapa Donholm, Nairobi, na kusema, “Nipatie ile kali.” Nami humuuliza: kali ya koo au kali ya kichwa? Kuna jini inayoteleza kama maji na bado ikakulaza mapema kuliko wiski iliyokuchoma mpaka machozi.

Kali ya kichwa imeandikwa kwenye lebo, kwa maandishi madogo ambayo wengi hawayasomi. Tusker ni asilimia 4.2, maana yake katika kila mililita 100 za bia hiyo, mililita 4.2 ni alkoholi tupu. Waini nyingi ziko kati ya 11 na 14. Vodka, jini na wiski ni 40 au karibu na hapo. Amarula na Baileys, ambazo watu huzinywa kama maziwa ya mgonjwa, ni 17, juu ya waini ya kawaida. Hizo ndizo huwashika wageni bila habari.

Rangi haisemi kitu. Guinness ya chupa inayouzwa hapa Kenya ni 6.5, kwa hivyo anayeiogopa hajakosea, ila weusi hauna hatia. Ile Guinness ya bomba wanayokunywa Ireland ni nyeusi vilevile na nguvu yake haipishani sana na Tusker. Weusi huo unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo wateja hawaiamini mpaka nitoe simu niipige mbele yao. Chukua mililita za chupa, zidisha kwa asilimia, gawanya kwa 100. Bia ya 4.2 ya nusu lita ina mililita 21 za alkoholi. Toti ya mililita 30 ya vodka ya 40 ina 12. Kwa hivyo toti mbili zimeshaipita bia moja, na toti mbili humezwa kabla povu la bia halijatulia. Kota, yaani mililita 250, ina mililita 100 kamili: karibu bia tano mfukoni mwa koti. Mzinga wa 750 una 300, ambazo ni bia 14 na ushee. Na chupa nzima ya waini ya 13? Ina 97.5, karibu sawa na kota. Mama mmoja aliponiambia yeye “hanywi pombe, ni waini tu”, nilimpigia hesabu hiyo taratibu, kwa heshima. Bado ni mteja wetu.

Mwili nao una mwendo wake. Ini la mtu mzima huondoa kama mililita 10 za alkoholi kwa saa, wengine chini ya hapo. Aliyemaliza kota saa sita usiku huenda bado hajawa safi saa mbili asubuhi, akiwa kwenye foleni ya Jogoo Road na usukani mkononi. Kahawa itamwamsha tu. Maji baridi yatamlowesha.

Muratina, ile pombe ya kienyeji ya asali, ndiyo hutuvuruga. Hatuiuzi, lakini karibu kila ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) tunayoipelekea vinywaji huwa tayari ipo, na haina lebo. Isitoshe, ndani ya kibuyu inaendelea kuchachuka maadamu bado kuna sukari ya asali, kwa hivyo uliyoionja Ijumaa siyo utakayokutana nayo Jumapili. Ikiwa itakuwepo, tuambie, tupunguze spiriti kwenye oda yako.

Kuna jambo moja ambalo sitanii nalo. Watu humimina spiriti kwenye kijiko na kuiwasha, eti ikitoa moto wa buluu ni safi. Methanoli, ile sumu iliyoua na kupofusha watu humu nchini mwaka 2014, na ambayo hutajwa karibu kila mara pombe chafu inapoua, nayo huwaka. Ulimi hauwezi kuitambua, na asilimia ya lebo haikulindi kama lebo yenyewe imebandikwa usiku chumbani kwa mtu. Angalia stempu ya KRA, mamlaka ya ushuru, na uiskani kwa programu ya simu ya Soma Label. Kwetu unaweza kufanya hivyo kwenye chupa yoyote kabla ya kulipa, hatununi. Nasi tukikuomba kitambulisho kuona kama umetimiza miaka 18, usinune.

Ukiwa na shughuli, usije na idadi ya kreti. Njoo na idadi ya wageni, wangapi wanakunywa, wangapi watarudi nyumbani wakiendesha, na sherehe inaanza saa ngapi. Hesabu tunakufanyia bure.

Mzee mmoja alikuja hivi majuzi akitaka mizinga sita kwa wageni 20. Nikamwambia, “Mzee wangu, hapo umenunua bia 85.” Akacheka, kisha akanyamaza, akahesabu vidole. Aliondoka na mizinga miwili, waini tatu, kreti mbili za bia na kreti tatu za soda. Jumatatu alirudisha mzinga mmoja haujafunguliwa, akauliza kwa nini sikumpa soda zaidi.