Barua kwa mwanangu: hesabu watoto kabla hujaamini hitimisho

Mwanangu mpendwa,

Umesema unataka kuacha nyama, na umeomba ushahidi wa kitabibu badala ya maneno ya watu. Umeomba jambo la maana. Mwili wako bado unajengwa: mtu mzima anatunza mifupa aliyonayo, wewe ungali unaiongeza. Kwa hiyo usiazime ushahidi wa watu wazima. Utafiti unaosema kuwa wasiokula nyama wenye miaka 50 wana kolesteroli ya chini haukwambii lolote kuhusu urefu wa mtoto wa miaka 9, wala akiba ya chuma ya binti wa miaka 15. Tafuta tafiti zilizopima watoto wenyewe, kisha uwahesabu watoto hao kabla hujaamini hitimisho.

Anzia PubMed. Ni orodha ya makala za tiba inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na kutafuta humo ni bure. Utalazimika kuandika kwa Kiingereza. Kundi la kwanza la maneno liwe vegetarian (asiyekula nyama) na vegan (anayekula mimea mitupu), yakiunganishwa kwa OR, yaani "au". Kundi la pili liwe child (mtoto) na adolescent (kijana balehe), nalo kwa OR. Kati ya makundi hayo weka AND, yaani "na". OR na AND ziandike kwa herufi kubwa, na kila kundi lifunge kwa mabano. Mabano hayo si urembo. PubMed husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo ukiandika vegetarian AND child OR adolescent bila mabano, itatafuta makala za watoto wasiokula nyama, halafu itaongeza kila makala inayomtaja kijana balehe, kuanzia chunusi hadi mivunjiko ya mifupa. Ukiona matokeo yanahesabika kwa mamilioni, ujue umekosea hapo. Ukiweka nyota mwishoni mwa mzizi, kama vegan*, utapata na maneno yanayotokana nao.

Pembeni kuna vichujio. Kimoja ni cha aina ya makala: anza na mapitio ya kimfumo, yaani makala ambayo waandishi wake wamekusanya tafiti zote za swali moja kwa utaratibu waliouandika, kisha wakazipima ubora. Kingine ni cha umri, na huwa kimefichwa kwenye vichujio vya ziada. Kundi la vijana ni miaka 13 hadi 18. Kichujio cha umri kina mtego. Kinategemea lebo ambazo maktaba hubandika kwenye makala, na makala isiyo na lebo haitokei kabisa hata kama imeandikwa kuhusu watoto watupu. Tafuta mara mbili: mara moja kwa kichujio, mara ya pili bila kichujio ukitegemea maneno uliyoandika mwenyewe. Zilizojitokeza mara ya pili tu, zisome vichwa kimoja kimoja.

Makala kuwemo PubMed si muhuri wa ubora. Humo mna tafiti nzuri, mna dhaifu, na mna zilizobatilishwa baada ya kuchapishwa. Iliyobatilishwa huwa na tangazo juu ya kichwa chake, basi fungua ukurasa wa makala yenyewe kwanza, usiridhike na nakala uliyotumiwa na mtu. Na kama rejeo umepewa na programu ya akili bandia, nakili kichwa chake neno kwa neno ukitafute. Programu hizo hutunga makala zisizokuwepo, zenye majina ya majarida halisi na mwaka unaoelekea kuwa kweli.

Sasa tuhesabu watoto. Mwaka 2022 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti kutoka Toronto, wa mradi uitwao TARGet Kids!, uliofuatilia watoto 8,907 wa miezi 6 hadi miaka 8. Utausikia ukitajwa hivi: watoto karibu 9,000 walifuatiliwa, na wasiokula nyama walikua sawa na wenzao. Fungua makala. Kati ya hao 8,907, walioandikwa kuwa hawali nyama mwanzoni ni 248. Na ndani ya hao 248, waliokula mimea mitupu, bila maziwa wala mayai, ni 25. Idadi kubwa ni ya watoto wanaokula nyama. Kwa hiyo kuhusu watoto wanaokunywa maziwa na kula mayai, utafiti huu una uzito wa kutosha. Kuhusu mimea mitupu, watoto 25 hawawezi kubeba hitimisho, na yeyote anayeutumia kwa ajili hiyo anaukamua zaidi ya ulichonacho.

Usiishie hapo kwenye makala hiyo. Matokeo yake yanasema wastani wa ukuaji, akiba ya chuma na vitamini D havikutofautiana kwa maana. Lakini uwezekano wa kuwa na uzito pungufu ulikuwa mkubwa zaidi kwa wasiokula nyama: uwiano wa 1.87, na masafa ya uhakika kutoka 1.19 hadi 2.96. Namba ya kwanza ndiyo kadirio lao, na 1 ingemaanisha hakuna tofauti. Masafa yanakwambia kwamba ukweli waweza kuwa ongezeko dogo au karibu mara tatu. Kwa kuwa masafa hayakugusa 1, tofauti hiyo si rahisi kuisingizia bahati. Hapa ndipo wengi hukosea kwa pande zote mbili. Anayetetea mboga hunukuu wastani na kuruka uzito. Anayezipinga hunukuu uzito na kuruka wastani. Wewe soma vyote viwili, kisha uulize kama uzito pungufu ni jambo la kawaida au la nadra katika kundi lile. Mara mbili ya kitu adimu bado ni kitu adimu, ila kwa mtoto ambaye tayari ni mwembamba haiwi habari ya kupuuzwa.

Utafiti wa pili wa kusoma kwa makini ulifanyika Poland, ukachapishwa mwaka 2021 katika The American Journal of Clinical Nutrition. Watoto walikuwa wa miaka 5 hadi 10: 63 wasiokula nyama, 52 wa mimea mitupu, na 72 wanaokula kila kitu. Ni wachache ukilinganisha na Toronto, lakini makundi yamekaribiana, na ndiyo maana kwa swali la mimea mitupu unafaa zaidi. Watoto wa mimea mitupu walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 3 kwa wastani, na madini ya mifupa yao yalikuwa chini kwa asilimia 4 hadi 6. Kolesteroli yao mbaya ilikuwa chini kwa asilimia 25. Vitamini B12 na D zilikuwa pungufu kwa wasiotumia vidonge, na upungufu huo haukuonekana kwa waliovitumia. Faida na hasara zipo katika makala ileile. Kumbuka tu kwamba watoto hawa walipimwa mara moja. Kipimo cha mara moja kinaonyesha mambo mawili yaliyokutana, hakionyeshi lipi lilileta lipi.

Utauliza kwa nini wasifanye jaribio la nasibu, wagawe watoto kwa kura na kuwafuata miaka 10. Hakuna mzazi atakayekubali kura impangie mwanawe chakula kwa muda huo, wala si haki kumtaka akubali. Majaribio ya nasibu yaliyopo ni mafupi. Lipo moja la mwaka 2015 kwa watoto wa miaka 9 hadi 18 wenye unene na kolesteroli ya juu, na lilichukua wiki 4. Wiki 4 zinatosha kuona kolesteroli ikishuka. Urefu na mifupa havisomeki kwa muda huo. Ripoti za mgonjwa mmoja mmoja nazo zisikuyumbishe. Zinathibitisha kwamba jambo linaweza kutokea, kama mtoto mchanga kuugua kwa kukosa B12, ila hazisemi hutokea kwa wangapi.

Angalia sana neno "upungufu". Upungufu kwa kipimo cha nani? Kwa mwongozo wa Marekani, kijana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula imeweka mikrogramu 4 kwa miaka 15 hadi 17. Kijana anayepata mikrogramu 3 ametosheka katika makala moja na amepungukiwa katika nyingine, na chakula chake ni kilekile. Chuma nacho kiko hivyo: mwongozo wa Marekani ni miligramu 15 kwa mabinti wa umri wako, lakini kwa wasiokula nyama huzidishwa kwa 1.8, zikawa 27, kwa sababu chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida zaidi.

Ndiyo maana napendelea makala zilizopima damu kuliko zile zilizouliza tu mtoto alikula nini. Hata damu ina hila zake. Ferritini, inayoonyesha akiba ya chuma, hupanda mwili unapopambana na maambukizi, hivyo mtoto mwenye homa anaweza kuonekana ana chuma cha kutosha ilhali hana. Makala makini hupima na CRP, protini ya damu inayopanda wakati wa maambukizi, ili kulijua hilo. Kwa B12, kiwango cha kwenye damu peke yake hupotosha pia. Tafuta kama wamepima asidi ya methilmaloniki, ambayo huongezeka seli zikikosa B12. Na kutazama upungufu wa damu tu hakutoshi, kwa sababu foleti nyingi, vitamini ya kwenye mboga, huweza kuuficha huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia.

Matamko ya vyama vya wataalamu yasome pamoja na tarehe zake. Chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilitamka mwaka 2016 kwamba mlo usio na nyama uliopangwa vizuri unafaa rika zote, watoto na vijana wakiwemo. Tamko lake jipya la mwaka 2025 linahusu watu wazima tu. Halisemi kwamba watoto wasile hivyo. Limewaacha nje ya mada. Hata hivyo lile la 2016 linaendelea kunukuliwa kana kwamba ndilo la mwisho. Ujerumani nako, chama cha lishe kilisema mwaka 2016 kwamba hakipendekezi mimea mitupu kwa watoto. Mwaka 2024 kikasema ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza.

Mwishoni mwa kila makala kuna sehemu ya ufadhili na mgongano wa maslahi. Isome kabla ya hitimisho. Fedha za wauza nyama au maziwa hazifanyi utafiti kuwa uongo, wala mwandishi kuwa mwanaharakati wa kutetea wanyama hakumfanyi mwongo, lakini ukiona maslahi, rudi kwenye njia iliyotumika na uangalie familia walizipata wapi. Wazazi wanaojitolea kwa utafiti wa lishe mara nyingi ni wale wanaofuatilia chakula kwa karibu, na watoto wao huenda wasifanane na watoto wengine wengi.

Kwa daktari nenda na makala zisizozidi tatu, ukiwa umeandika kwenye kila moja: watoto wangapi katika kila kundi, umri gani, mimea mitupu au na maziwa na mayai, walipimwa nini, kwa muda gani. Omba urefu na uzito wako uandikwe kwenye chati ya ukuaji, ili baada ya miezi 6 kuwe na cha kulinganisha. Mweleze ukweli pia kwa nini unaacha nyama. Kama ndani yake kuna hamu ya kupungua mwili, litaje hilo mapema, maana kwa vijana kuacha nyama wakati mwingine huficha tatizo la ulaji, na daktari atahitaji kuuliza maswali tofauti kabisa.

Na kama uamuzi ni mimea mitupu, kidonge cha B12 kianze siku ileile, usisubiri majibu ya damu. Hilo halina ubishi katika makala yoyote makini utakayoifungua.

Anza na ile ya Poland, jedwali la kwanza. Usipoelewa safu yoyote, ipigie mstari tuitazame pamoja.

Akupendaye,
Mama