Kwa binti yangu, kuhusu yule kijana aliyenichukulia mteja

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako tu na baridi ya Dodoma.

Ulipokuja likizo uliniuliza swali pale barazani, nami nikajifanya nasikiliza redio. Ulisema: "Baba, hawa vijana unaowafundisha kutengeneza tovuti ndio watakaokunyang'anya kazi. Mmoja keshakuchukulia mteja." Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, na kwa simu lingekatika katikati, kwa hiyo naandika.

Mama yako hukusimulia nilivyoanza kwa ufupi na kwa kicheko. Acha nisimulie mwenyewe. Mwaka 2005 nilikuwa natoa fotokopi kwenye steshenari pale Mwanga. Jirani palikuwa na intaneti kafe ya kompyuta nne. Mkongo wa baharini ulikuwa bado haujafika Dar, ulikuja kufika 2009, hivyo mtandao wetu ulikuwa wa setelaiti. Unafungua ukurasa, unaagiza chai, unaimaliza, ndipo picha inatokea nusu. Siku moja nikabonyeza upande wa kulia wa mausi bila kukusudia, nikachagua neno nisilolijua, skrini ikajaa mabano na Kiingereza. Nikajua nimeharibu kompyuta ya watu. Nikaangalia mlango uko wapi.

Kumbe ule ndio utumbo wa ukurasa wenyewe, maandishi yanayoujenga, na kila ukurasa unao, na yeyote anaruhusiwa kuutazama.

Nililipia nusu saa nusu saa, kwa hiyo nikawa nanakili kwa kalamu kwenye daftari la hesabu. Usiku nasoma kwa chemli, kama mjomba anayetafuta kosa kwenye barua ya posa. Mchana bosi akienda kula, naandika kwenye Notepad ya steshenari. Ukurasa wangu wa kwanza ulitoka na herufi nene kuanzia mstari wa pili hadi mwisho. Nilitafuta sababu siku mbili. Nilikuwa nimefungua <b>, alama ya kuanzisha herufi nene, sikuifunga. Na brauza haikusema kitu! Haigombezi, inakisia tu ulichotaka, inaendelea. Ndiyo maana aliyejifundisha mwenyewe anaweza kuishi na kosa miaka mingi akidhani ni ufundi. Mimi nilipanga kurasa kwa majedwali, jedwali ndani ya jedwali, mpaka 2011, wakati CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, ilikuwepo tangu 1996. Hakukuwa na wa kuniambia.

Kufundisha sikukupanga. Dada mmoja alikuja kuchapa barua ya kazi, akauliza inakuwaje maneno ya bluu ukiyabonyeza yanakupeleka kwingine. Nikamweleza dakika ishirini, kwa furaha kubwa. Nikamaliza: "Umeelewa?" Akasema, "Ndiyo, kaka, nimeelewa, asante." Hakurudi. Ilinichukua muda kutambua kwamba huku kwetu "nimeelewa" ni adabu, kama kusema umeshiba kwa watu. Siku hizi siulizi kama wameelewa. Nasema "nionyeshe," halafu nakaa kimya. Na kukaa kimya ni kazi, mwanangu. Mwanafunzi akisahau kufunga alama ya kunukuu, mkono wangu unaruka wenyewe kwenye mausi. Nikimrekebishia, amejifunza kwamba mwalimu ni hodari, basi. Kwa hiyo huwa nashika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, hata kikiwa kitupu. Wananicheka. Wanadhani napenda sana kahawa.

Sasa huyo kijana wako. Mteja unayemsema ni yule mwenye gesti. Tovuti yake niliitengeneza mimi, upana usiobadilika wa pikseli 960, yaani nukta za skrini, na nilikuwa najivuna nayo. Jumamosi moja niliwaonyesha darasani kama mfano. Yule kijana akaifungua kwenye simu yake, akaivuta kushoto, akaivuta kulia, akaniuliza, "Mwalimu, mbona hii mpaka uivute kama kokoro?" Darasa zima likacheka. Mimi nikasema kwa ukali kidogo kwamba tovuti zinatazamwa kwenye kompyuta. Halafu nikatazama mezani. Kompyuta zilikuwa tatu, simu kumi na moja.

Usiku ule nikasoma. Mmarekani mmoja, Ethan Marcotte, alikwisha kuandika dawa yake mwaka 2010: upana uwe wa asilimia, picha zisizidi nafasi yake, na mpangilio ubadilike kulingana na skrini. Jumatatu tukakaa mimi na kijana tukaitengeneza upya gesti yote. Yeye ndiye aliyekumbuka kuweka namba ya simu juu kabisa, ili mgeni anayeshuka kwenye treni aibonyeze na kupiga. Mwenye gesti alipotaka kazi nyingine, akampigia yeye. Iliniuma, sikufichi. Lakini ningemwambia nini? Alikiona nisichokiona.

Na utumbo wa kurasa nilionakili kwenye daftari ulikuwa wa watu nisiowajua, hakuna aliyenidai. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN, kituo cha utafiti cha Geneva alikokuwa Tim Berners-Lee alipobuni mfumo huu wa tovuti, kilitangaza kwamba ni wa watu wote, bila malipo. Nikikumbuka hilo, kumnunia mtoto wa watu kwa ajili ya gesti moja naona aibu.

Sasa hivi kila Jumamosi anakaa na wanaoanza, upande wa dirishani. Juzi nilimkuta amemnyang'anya mama mmoja mausi, anamrekebishia harakaharaka. Sikusema neno. Nilikwenda nikamwekea kikombe mkononi.

Mama yako amempa dereva wa basi migebuka mikavu. Ifuate stendi mapema, na kama ofisini kwenu kuna kibodi wanazotupa, niwekee.

Baba yako