Malalamiko: Akaunti ya Kikundi Kufungiwa kwa Kutobonyeza Linki

Kikundi cha Wakulima wa Zabibu,
Mpunguzi, Dodoma.

Kwa Meneja wa Tawi,
Dodoma Mjini.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mhazini wa kikundi. Nakuandikia kwa niaba ya wenzangu baada ya mhudumu wa dirishani kututangazia, foleni nzima ikisikia, kwamba akaunti yetu imefungiwa kwa sababu "hamkujibu barua pepe". Ni kweli hatukujibu, na tulifanya hivyo kwa makusudi.

Barua pepe yenyewe nimeichapisha na kuiambatisha. Inaanza na "Mpendwa Mteja". Jina la kikundi halimo, wala tarakimu za mwisho za akaunti. Inatupa saa 48 tuhuishe taarifa, la sivyo huduma zitasitishwa. Inatutaka tubonyeze kitufe cha bluu, tujaze namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) za watia saini wote watatu, kisha tuingie kwa namba ya siri. Kwenye jina la mtumaji pameandikwa benki yenu, lakini hapo mtu yeyote hujiandikia jina analotaka. Tulipofungua anwani kamili, mwisho wake haukuwa ule wa .co.tz ulio kwenye tovuti yenu. Nikakandamiza kitufe bila kukiachia ili nione kinakoelekea: tovuti nyingine kabisa, si yenu wala si ya huyo mtumaji. Mama mmoja kikundini aliuliza kama ile alama ya kufuli haitoshi. Haitoshi. Kufuli inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa yakiwa njiani; haisemi mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye huipata, tena bure.

Wiki hiyo hiyo ilikuja nyingine, ya matapeli kweli. Hiyo ilikuwa nadhifu: kwenye anwani walibananisha r na n zisomeke kama m, na Kiswahili chao hakikuwa na kosa. Kati ya hizo mbili, yenu ndiyo iliyotutisha zaidi.

Na aliyetufundisha kuogopa ni nani kama si ninyi? Meseji zenu zinasema benki haitaomba namba ya siri na tusibonyeze linki. Bango la maneno hayo hayo limebandikwa mlangoni pa tawi lako. Huku kwetu meseji ya kitapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii" imezoeleka kiasi kwamba hata vijana wetu wanajua kuiripoti kwenye namba 15040. Tukatii.

Sasa hela ya vibarua wa kupogoa na ya salfa imekwama humo, na ubwiri unga, ugonjwa wa mizabibu tunaoupulizia salfa hiyo, hausubiri mtu ahuishe taarifa. Vibarua tumewalipa kwa mkopo.

Tunataka akaunti ifunguliwe mara moja. Watia saini watafika dirishani na vitambulisho vyao, kama ambavyo mngetuomba tangu mwanzo. Barua zenu ziache linki kabisa. Mwambieni mteja afike tawini au afungue mwenyewe programu ya benki kwenye simu yake. Kama mmempa mtu mwingine kazi ya kuzituma, atumie anwani yenu. Tena, kwa kuwa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tunaomba kujua ile tovuti ni ya nani na namba za NIDA za waliojaza zinahifadhiwa wapi.

Wekeni pia anwani ya kupokelea barua za kitapeli. Nilipomwonyesha mhudumu ile ya pili alisema, "Futa tu." Nikifuta nimepona mimi, mkulima wa Hombolo ataipokea kesho.

Kwa kuwa utaratibu wa kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha unataka mteja aanzie kwenye benki yake, tumeanzia kwako. Tusipopata jibu la maandishi tutakwenda Benki Kuu na barua pepe zote mbili, na tutawaachia wao wabashiri ipi ni yenu.

Wako,

Mhazini, kwa niaba ya wanakikundi