Vitabu vya MTUHA visomwe na wanaoviandika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie takwimu zinazoandikwa na watumishi wa zahanati, jambo ambalo halina utepe wa kukatwa wala jiwe la msingi la kuwekwa, na nadhani ndiyo sababu halizungumzwi sana. Katika miaka ya karibuni tumesoma habari nyingi za vituo vya afya vipya, magari ya wagonjwa na vifaa tiba, na mimi si miongoni mwa wanaobeza hayo, kwa kuwa nimewahi kuzalisha kwa mwanga wa kandili. Hoja yangu inahusu kinachofanyika ndani ya majengo hayo, na hasa ni nani anayejua kama huduma ya mwaka huu ni bora kuliko ya mwaka jana.

Nilikuwa afisa tabibu kwa zaidi ya miaka 25 katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Anayeingia pale huandikwa katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya: Namba 5 kwa wagonjwa wa nje, Namba 6 kwa wajawazito, Namba 12 kwa wanaojifungua. Mwisho wa mwezi muuguzi hukaa mpaka magharibi akijumlisha, taarifa hupelekwa wilayani na kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na kuanzia hapo wale walioziandika hawazioni tena, isipokuwa siku atakapokuja mtu kuwauliza kwa nini jumla hazilingani. Tumezoea kuita kazi hiyo "kupeleka ripoti", na neno lenyewe linatosha kuonyesha kwamba takwimu ni mali ya anayepelekewa.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada ilifanya mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Watu walipita kaya kwa kaya wakiuliza nani amefariki na alianza kuumwaje, kwa sababu wengi walikuwa wakifia nyumbani, na vifo vya namna hiyo havimo katika kitabu chochote cha zahanati. Matokeo yaliwekwa katika michoro myepesi ambayo Mganga Mkuu wa Wilaya na timu yake waliweza kuilinganisha na bajeti yao wenyewe. Morogoro ilibainika kuwa malaria ilibeba kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, yaani miaka ambayo marehemu wangeishi kama wasingekufa mapema, ilhali mwaka 1996 ilikuwa ikitengewa asilimia 5 tu ya fedha. Bajeti ikapangwa upya, na nyongeza iliyotolewa ilikuwa ndogo, isiyozidi dola mbili kwa kila mkazi kwa mwaka, ambayo halmashauri hazikuweza hata kuimaliza. Katika muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto wadogo katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sidai kwamba michoro peke yake ndiyo iliyowaokoa, maana dawa na vyandarua vilikuwa na sehemu yao, lakini bila michoro hiyo fedha zingeendelea kwenda kulikozoeleka.

Kwa kiwango chetu kidogo tuliwahi kujaribu jambo la namna hiyo. Siku moja muuguzi mkunga niliyefanya naye kazi aliniita nitazame Kitabu Namba 6, akanionyesha kwamba safu ya wingi wa damu ilikuwa tupu kwa zaidi ya nusu ya wajawazito wa robo mwaka ile. Mimi nilidhani ni uzembe wa kuandika. Yeye hakubishana nami, akaenda kuwauliza akina mama wenyewe, na jibu likawa la aibu kwetu: kipimo kilikuwa kinakaa chumba cha upande wa pili, kikifungiwa kabatini anapoondoka mwenye ufunguo, na mama aliyetembea saa mbili aliambiwa arudi kesho. Tukakihamishia kwenye meza inapojazwa kadi ya kliniki, na kila Ijumaa tukahesabu nafasi zilizobaki tupu na kuziandika kwenye karatasi ya manila ukutani. Katika miezi mitatu nafasi hizo zilipungua mno. Mwezi wa tano vitendanishi, yaani dawa za kupimia, viliisha, zikaongezeka tena, lakini safari hii tuliweza kuonyesha siku na sababu.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Msimamizi mmoja alipofika alitazama ile karatasi, akatuuliza tunafanya utafiti kwa kibali cha nani, nasi tukaibandua. Najua uzito wa swali lile. Utafiti unaowagusa watu lazima upitie kamati ya maadili na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na utaratibu huo unawalinda wananchi, kwa hiyo usilegezwe. Lakini kuhesabu kazi yako mwenyewe ili uirekebishe ni sehemu ya kazi hiyo, na watumishi wa chini wanahitaji mwongozo wa maandishi, wa ukurasa mmoja tu, unaosema wazi ni wapi mpaka ulipo.

Ni kweli kwamba serikali imekuwa na juhudi zake. Katika upimaji wa nyota wa mwaka 2015/16, ambapo wakaguzi hukipa kituo nyota kulingana na ubora wa huduma zake, takriban theluthi moja ya vituo vya ngazi ya msingi havikupata hata nyota moja, na uliporudiwa mwaka 2017/18 vituo vya namna hiyo vilikuwa chini ya asilimia 5. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, nyota hutolewa na mgeni, na sote tuliokuwa kazini tunajua jinsi zahanati inavyopambwa ugeni unapotarajiwa. Ningependa kituo kiulizwe pia: onyesheni tatizo moja mlilolibaini wenyewe mwaka huu, mlilijaribu vipi, na mliposhindwa mlijifunza nini.

Kazi hiyo inataka mlezi, na hapo ndipo ninapomwona daktari bingwa wa tiba ya familia, yaani yule aliyefundishwa kumfuata mtu na kaya yake tangu utotoni hadi uzeeni badala ya kubobea katika kiungo kimoja. Wenzetu wa Kenya walianza kuwafundisha katika Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005, na sheria yao ya afya ya msingi ya mwaka 2023 imeunganisha vituo katika mitandao, yaani makundi ya vituo vinavyofanya kazi pamoja. Kwetu wapo waliohitimu katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, ila fani yenyewe haijulikani sana. Daktari mmoja wa aina hii akipangiwa hospitali ya wilaya, akapewa siku mbili kwa mwezi za kukaa na watumishi wa zahanati mbele ya vitabu vyao, atafanya mengi kuliko semina ya siku tano hotelini.

Naongeza ombi kwa watafiti wa vyuo na taasisi zetu. Kijijini nilikowahi kufanya kazi walikuja watu waliochukua damu za wajawazito, wakaaga vizuri, wakaondoka. Kwa miaka kadhaa baadaye akina mama walikuwa wakinisimamisha mnadani kuniuliza majibu, nami sikuwa na la kuwaambia. Kibali cha utafiti kiambatane na sharti la kurudi kusoma matokeo kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji, kabla ya kusomwa kwingineko.

Wako,
Afisa tabibu mstaafu,
Morogoro.