Barua kwa wazazi wanaotafutia mabinti ukumbi

Wazazi wenzangu wa Dar es Salaam,

Naandika nikiwa nimekasirika, mniwie radhi. Juzi nilikuwa kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, huko Mbezi Beach. Ukumbi mkubwa, taa za kila rangi, viyoyozi vikali hadi wazee tukajitanda khanga. Zaidi ya nusu ya viti vitupu. Saa nne usiku binti yuko jukwaani anatabasamu, baba yake yuko nje anabembelezana na meneja kuhusu salio.

Walifikaje hapo? Kikao cha kwanza watu waliahidi kwa mbwembwe, mwenyekiti akajumlisha ahadi kana kwamba ni fedha taslimu, mama akasema binti yake hawezi kuagwa sehemu ndogo kuliko wa fulani. Wakatanguliza malipo wiki ile ile. Binti alitaka uwanja wa shangazi yake Tabata, turubai na viti vya kukodi. Nani alimsikiliza? Wiki ya mwisho simu zikaita bila kupokelewa, ujumbe ukasomwa bila kujibiwa. Baba akakopa.

Jamani, hao wachangiaji ni wale wale! Wametoka kwenye kicheni pati, upande wa bwana harusi nao una kamati yake, na katikati hapo kuna misiba. Siku hizi tunapimana kwa mchango: jirani aliyembeba binti mgongoni anakosa kadi kwa kuwa hakufikisha kiwango, bosi wa baba asiyemjua binti hata jina anawekwa meza ya mbele. Halafu tunaita sherehe ya familia!

Kaeni na binti kwanza, kabla kamati haijaundwa. Mwacheni aseme anataka nani awepo, andikeni majina, hesabuni. Ukumbi utafutwe kwa fedha iliyoingia. Akisema, "Mama, hapa panatosha," usimwambie hajui maisha. Mtoto anakuonea huruma, nawe unamfokea.

Mengine nayasema haraka. Msilipie tarehe ya ukumbi kabla kanisa, msikiti au ofisi ya msajili haijaikubali tarehe ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa. Ukumbi ukaguliwe usiku, kukiwa na sherehe, maana picha za Instagram hazina joto wala harufu ya vyoo. Jenereta liwashwe mkiona. Ulizeni kama mpishi na mpambaji ni lazima wawe wa ukumbi, vinywaji vya nje vinatozwa kiasi gani, muziki unazimwa saa ngapi, mkiahirisha mnarudishiwa nini, na vyote viingie kwenye mkataba. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika. Maji yakijaa Jangwani, wageni wanaotegemea Barabara ya Morogoro watakwama. Na bibi wa binti ana magoti mabovu: ukumbi wa ghorofa ya tatu usio na lifti, mwachieni mpambaji aupande.

Ni mimi mama yenu mkubwa,
Temeke