Mchezo niliolipia ni wa nani?

Mhariri,

Kila ubishi kuhusu michezo ya video ukizuka mtandaoni, anayelalamika huitwa mwizi. Sitetei uharamia (kunakili michezo bila kulipa), waliotunga mchezo wanastahili malipo ya jasho lao. Lakini Machi 31, 2024, kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wa mbio za magari usiochezeka bila seva hizo, na hata wenye diski wakabaki na plastiki tupu. Hapo nani kamwibia nani?

Sheria ya California iliyoanza kutumika 2025 angalau inamtaka muuzaji wa mtandaoni aseme wazi kwamba anachouza ni leseni, yaani ruhusa ya kuutumia mchezo, si mchezo wenyewe. (Mnunuzi atafanya nini na ukweli huo, haisemi.) Ulaya, zaidi ya watu milioni moja wametia saini wakitaka michezo iachwe ikichezeka hata mtengenezaji akijitoa. Hilo ndilo tulibishanie.

Mchezaji wa siku nyingi